Siri Zilizotokea Dirishani

Wanawake wa mtaani kwetu walianza kunipa siri zao kabla sijafika umri wa kupewa siri. Ilikuwa mwaka wa 1985 au karibu na hapo, pale shangazi yangu, aliyekuwa akisomesha wanawake nyumbani kwake, alipopooza upande mmoja, nami nikaambiwa nishike nafasi yake. Kila Jumatatu baada ya sala ya alasiri walikuja Mji Mkongwe kutoka mitaa ya karibu na hata Bububu, wakapanda ngazi hadi ukumbi wa juu, wakavua mabuibui, tukasoma. Darsa likisha, mmoja au wawili hubaki nyuma wakijidai wanatafuta viatu. Hao ndio wenye maswali.

Maswali ya wanawake si ya kuulizwa mbele za watu. Ni ya hedhi, ya eda, ya mume aliyetamka neno kisha akalikana. Nililoweza kulijibu nililijibu. Lililonishinda nililiandika na kumpelekea mjomba wangu Mombasa, mwanachuoni ambaye sasa yuko mbele ya haki. Barua ilikwenda kwa mkono wa msafiri, na jibu lilichukua miezi miwili, mitatu. Kuna mwanamke mmoja alipata jibu la eda yake ilhali eda yenyewe imeshakwisha. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha aibu.

Kwa hiyo mwanangu alipotuletea mtandao nyumbani, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilisujudu sijda ya shukrani. Mwanangu alikuwa akifanya kazi Matemwe, katika hoteli ya pwani, kushughulikia kompyuta, na alikuja nyumbani Ijumaa moja akaikosa nyingine. Mkewe aliishi nami. Alikuwa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, watu ambao asili yao ni bara, na nitasema kweli kwa kuwa naandika mbele ya Mungu: sikumkataa alipoletwa, lakini sikumshangilia pia. Jamaa zangu walisema mengi kuhusu asili ya watu. Mimi nilinyamaza, nikadhani kunyamaza kwangu ndiyo uadilifu.

Mwanangu alifunga kisanduku chenye pembe mbili katika dirisha la ukumbi linalotazama kichochoro. Alisema kuta zetu za mawe na chokaa ni nene, mawimbi hayapiti, lakini penye dirisha yatapita. Mkewe alichapa maswali kwenye kompyuta, akayatuma Mombasa, na jibu la mjomba lilirudi siku ya pili, wakati mwingine siku ile ile. Niliona neema kubwa.

Wiki haikwisha, jirani yetu wa ukuta mmoja, fundi wa simu mwenye kibanda Darajani, akaja kuniamkia.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bi mkubwa, tumewasha kompyuta yetu tumeona mtandao wa nyumba yenu. Tumeona na kufuli."

"Kufuli gani?"

"Unataka paswedi. Mke wangu kasema, ah, kwa Bi mwalimu kuna kufuli siku hizi? Nikamwambia labda kwa ajili ya wezi."

Alitabasamu, lakini lile neno lilinichoma. Sisi tumelelewa kwamba mwenye maji siku ambayo mifereji imekauka hutoa mpira wake mlangoni, kila mwenye ndoo akinge. Kumnyima jirani kitu ambacho hata hakipungui ukimpa! Nilimpigia mwanangu simu.

"Mama, paswedi haigawiwi kama chumvi," alisema.

"Wewe umekua kwa chumvi ya jirani. Nipe nimpe."

Akanipa. Lilikuwa neno la kumshukuru Mola, ambalo kila mtu mtaani hulitamka mara mia kwa siku. Nikampa fundi wa simu, na waliokuja baada yake sikuwarudisha.

Jambo la pili pia nililitaka mwenyewe. Wanafunzi wangu walitaka nakala za darsa, na waliotumwa kuzifuata walikuwa waume zao na kaka zao. Hodi saa yoyote. Mke wa mwanangu yuko jikoni bila mtandio, anakimbilia chumbani. Mimi niko kwenye mswala. Nikamuuliza mwanangu, hakuna njia watu wasome darsa bila kutuingilia? Akasema ipo. Atafungua folda moja katika kompyuta yetu, na aliye kwenye mtandao wetu ataisoma akiwa kwake. Nilifurahi sana. Niliona sitara ya nyumba imehifadhika, na elimu nayo inafika. Jumatatu iliyofuata niliwatangazia: "Darsa zangu zote ziko wazi kwa majirani. Someni, na aliyesoma amfikishie ambaye hajasoma."

Na mke wa mwanangu nilimwambia, kwa ulimi wangu huu: "Kila kitu cha darsa kiwe pahala pamoja, nisitafute-tafute."

Yalipita miezi ya raha. Kisha nikaenda kwenye hitima ya marehemu mmoja, mtaa wa pili. Tumeshasoma, tunagawiwa halua, akanisogelea mwanamke ambaye simjui ila kwa sura.

"Mwalimu, na yule mke wa seremala, kwani bado yumo ndani na mumewe? Si talaka ya tatu ile?"

Niliirudisha halua kwenye sahani. Mke wa seremala alikuwa mwanafunzi wangu, msichana mwenye watoto wawili wachanga. Mumewe alikuwa ametamka neno kwa hasira, na wote wawili hawakuwa na hakika kama lilitimia wala kama ni la ngapi. Aliniuliza analia. Mjomba alijibu kwamba jambo kama hilo halihukumiwi kwa barua, waende wote wawili kwa kadhi. Walikuwa wanangojea siku yao. Ukimtoa mume, habari ile waliijua wanne tu: mwenyewe, mimi, mjomba wangu aliye ng'ambo ya bahari, na aliyeichapa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wa mwanangu anachambua mchele. Akaniamkia, nikaitika. Sikumwambia kitu, lakini tangu saa ile sikumwona tena kwa macho yale niliyokuwa nikimwonea.

Tumefundishwa kwamba dhana nyingine ni dhambi na tusipelelezane. Nimelisomesha hilo miaka ishirini. Nami nikaanza kupeleleza ndani ya nyumba yangu. Akizungumza na dada yake kwenye simu, nilipunguza sauti ya redio. Akicheka, nilijiuliza anamcheka nani. Akiaga kwenda kwao Ng'ambo kumtazama mama yake, nilihesabu saa. Siku moja alirudi na kanga mpya, nami nikawaza, hii kapewa na nani na kwa habari gani? Moyo ukishaingiwa na shaka, hata wema unautilia shaka. Alinikanda miguu, nikasema moyoni, anataka kunilegeza.

Baadaye nikamtega. Nilimwambia: "Kuna mtu mzima anauliza. Aliweka nadhiri ya kufunga siku kadhaa akipona maradhi, akapona, akafunga chache tu. Sasa mwili wake hauwezi tena. Afanye nini?" Mtu mzima mwenyewe ni mimi. Sikusema uongo, lakini nia yangu ilikuwa mbaya kama uongo.

"Nimwandike nani, mama? Nisije nikachanganya majibu."

"Andika mtu mzima wa mtaani."

Jumatatu ya pili, wanawake wanavaa viatu, nikasikia ngazini: "Hata watu wazima wetu wana madeni ya funga, sembuse sie." Wakacheka. Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha.

Nilimpigia mwanangu nikamwambia aje, mkewe hawezi kuendelea kukaa nyumba hii. Hakuwa na ruhusa mpaka wiki ijayo. Lakini nyumba zetu zina mwangwi, na mke wa mwanangu alikuwa kwenye ngazi. Akaingia na sinia mkononi, hakuliweka chini.

"Mama, nimefanya nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Sijui. Nambie."

Nikamwambia yote: hitima, mke wa seremala, nadhiri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile nadhiri ilikuwa yako," akasema.

Nikavua miwani.

"Ulinitega mimi kama panya. Mama, mie nnachapa hapa mwaka wa pili. Yamepita mikononi mwangu mambo ambayo hata mwanao sijamwambia kitandani. Ningekuwa na mdomo huo, mji huu usingekalika. Au ndiyo yale yale, mtoto wa mbara hana staha?"

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Hujapata kusema."

Akaliweka sinia chini.

"Mie nnakwenda kwetu. Sikimbii, nnakwenda ili ujue. Niwapo huko, andika swali weye mwenyewe, kwa mkono wako, mtu asilione. Mwanao alishakuonyesha: unaandika, unahifadhi, unatuma. Likitoka na mie sipo, utamtafuta mwengine. Lisipotoka, mwambie mwanao anipe talaka yangu, sitaki maneno."

Akaondoka na mkoba mmoja. Nilimsikia akishuka ngazi taratibu, kama mtu anayesaidia mgonjwa kushuka.

Siku mbili sikugusa kompyuta. Nilisali, nikaomba uongofu, lakini ndani yangu kulikuwa na sauti inayoniambia, ameondoka kwa sababu amekamatwa. Siku ya tatu nikakaa mbele ya kile kioo na miwani yangu. Nilitafuta swali langu mwenyewe lisilomhusu mwanadamu mwengine. Nikaandika, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine: mtu mwenye meno ya bandia, akitia udhu na kusukutua, ayavue? Mimi nilikuwa nimewekewa meno hayo mwezi uliopita, na nje ya nyumba hakuna aliyejua. Nikahifadhi pale pale yalipohifadhiwa mengine. Nikatuma. Ilinichukua tangu adhuhuri hadi alasiri.

Jumatatu ikafika. Nikasomesha, na wanawake wakaanza kutoka. Mke wa fundi wa simu, jirani yangu wa ukuta mmoja, akabaki. Ni mwanamke mchangamfu, hana baya na mtu, na kila darsa hukaa safu ya mbele.

"Bi mwalimu, lile la meno ya bandia jibu lake halijaja bado? Tunalingojea. Mama yangu anayo, yuajisumbua kuyavua kila sala."

Nikaufunga mlango.

"Umelipata wapi swali hilo?"

"Kwenye kompyuta, kwani wapi! Kwenye darsa zako. Kila ukiweka jipya mie nalisoma, nawasomea na wenzangu wasiojua kusoma. Ulisema tufikishe, nami nnafikisha." Kisha akaniangalia mdomoni, macho yakamtoka. "Haa! Kumbe ni yako?"

"Na la mke wa seremala," nikasema, "ulilisoma?"

"Nimelisoma. Masikini, limenihuzunisha. Nimewasomea watu ili wajue kwamba mume akitamka mambo kama haya hukimbiliwa kwa kadhi, hakukaliwi tu."

"Ulimtaja?"

"Sikumtaja mtu jina. Lilikuwa limeandikwa juu, mke wa seremala. Maseremala wa huku wangapi?"

Alisema vile kwa moyo safi kabisa, kama mtoto anayetaka kusifiwa. Sikuweza kumkasirikia. Aliyewaambia fikisheni ni mimi.

Mwanangu alipokuja, sikumhadithia kwanza habari ya mkewe. Nilimkalisha mbele ya kompyuta nikamwambia nitazamie folda ya darsa ina nini. Akaifungua. Ndani yake kuna darsa, na pembeni ya darsa kuna folda nyingine: Maswali. Alifungua faili moja, la pili, la tatu. Mke wa seremala. Mjane wa nyumba ya kona. Bibi harusi wa juzi. Mkewe aliyapanga vizuri kila moja, ili asije akampa mtu jibu la mwenzake.

"Nani kaweka hii humu ndani?"

"Mimi nilimwambia kila kitu kiwe pahala pamoja."

"Mama, folda ile niliifungua kwa majirani. Kila kilichomo kinasomeka."

"Na nani?"

"Na kila mwenye paswedi."

Akafungua ukurasa wa kile kisanduku, palipoorodheshwa kompyuta zilizounganishwa saa ile. Ya kwetu. Ya jirani, mwanangu aliitambua. Baada ya hapo nyingine, na nyingine tena, zenye majina tusiyoyajua. Moja ilikuwa na jina la kizungu. Tulipouliza tuligundua kuwa fundi wa simu aliwapa paswedi vijana wa barazani, vijana wakawapa wafanyakazi wa nyumba ya wageni iliyo nyuma yetu, na nyumba ya wageni ikaibandika ukutani chumba cha kupokelea. Watu wanaolala kitanda kwa siku mbili na kuondoka walikuwa na ufunguo wa maswali ya wanawake wangu. Nani alisoma, nani alinakili, nani alipeleka wapi, mwanangu alisema hakuna njia ya kujua. Mpaka leo sijui.

Alibadilisha paswedi akaifunga folda. Kisha akaniuliza, "Mke wangu yuko wapi?"

Nikamwambia. Mwanangu ni mtu mpole, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mimi siendi kumchukua. Sikumtoa mimi."

Kwetu mke akirudi kwao kwa hasira, huendewa na watu wazima wa upande wa mume. Hupelekwa wapatanishi, mtu na nduguye, wenye ulimi mzuri. Ningeweza kuwatuma. Wangesema kuna kutoelewana kidogo, wakanywa chai, na mimi nikabaki kwangu na heshima yangu. Lakini jambo hili halikuwa kutoelewana. Nilimzulia mtu. Anayezuliwa huombwa radhi na aliyemzulia.

Nilikwenda peke yangu, kwa miguu, nikapita Darajani hadi Ng'ambo. Nyumba yao sikuwahi kuingia tangu siku ya harusi. Baba yake alikuwa kwenye cherehani kibarazani, akainuka, akanipa kiti chake. Mama yake akatoka na kanga kiunoni. Tulisalimiana, tukaulizana hali, akaniletea maji. Kisha akakaa chini mkekani.

"Bi mkubwa," akasema, "mwanangu kaja hapa hakusema neno. Nimemuuliza siku zote hizi. Kasema mama mkwe ana kazi. Sasa weye ndiye utakayenambia kafanya nini."

Nikaona kumbe hata huko alikokuwa na haki ya kusema, alinisitiri.

"Hakufanya kitu," nikasema. "Nilimdhania ametoa siri za watu. Siri zilitoka kwangu, kwa amri yangu, kwa upumbavu wangu. Nimekuja kumwomba radhi yeye, na nyinyi wazee wake."

Baba yake alisimamisha mguu juu ya kanyagio la cherehani. Mama yake akasema, si kwa ukali:

"Na angekuwa ni binti wa kwenu, ungemdhania?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimezoea kujibu maswali, na jibu la haraka lilikuwa mdomoni. Lakini nilijua si kweli.

"Nisingemdhania kwa haraka ile," nikasema.

Mke wa mwanangu alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Nilisimama nikamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Akasogea mbele yangu.

"Mke wa seremala amejua?"

"Nimekwenda kwake jana. Nimemwambia ni nyumba yangu."

"Akasemaje?"

"Kasema Mungu atamlipa aliyemtangaza. Nikamwambia aliyemtangaza ni mimi. Akafunga mlango."

Baadaye mke wa seremala na mumewe walikwenda kwa kadhi, na shukrani kwa Mola ndoa yao ilionekana ipo. Lakini hakurudi darsani, na tukikutana njiani huniamkia kwa kichwa, hapiti karibu.

"Nimekusamehe, mama," mke wa mwanangu akasema. "Ntarudi, kwa sababu ni nyumba ya mume wangu. Lakini maswali ya watu sichapi tena. Hata unibembeleze."

"Sitakubembeleza."

"Na lile la meno?"

"Mjomba kajibu. Hayavuliwi."

Baba yake aligeuka akakitazama kitambaa alichokuwa akishona, lakini niliona mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Alichukua mkoba wake tukaondoka. Kabla ya siku ile, tukitembea pamoja alikuwa akibaki nyuma yangu hatua moja, kama vijana wanavyofunzwa mbele ya wazee. Pale Darajani, katika msongamano wa watu wanaonunua samaki, alinipita akatangulia, akaninyooshea mkono nyuma bila kugeuka ili nisipotee. Nikaushika.